Kununua na kusoma vitabu vya siasa Dar es Salaam: mwongozo kamili

Kijitabu chenye nembo ya taifa na neno KATIBA kwa herufi kubwa hununuliwa haraka sana mjini. Mtu anakiona, anatoa pesa, anakitia kwenye begi na kuondoka akiamini amepata sheria mama ya nchi. Lakini kwa jina hilohilo zinazunguka nyaraka tofauti. Kuna Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ambayo ndiyo inayotumika. Kuna Rasimu ya Katiba ya Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, nayo ilitoka mara mbili, zote mwaka 2013. Na kuna Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 na ambayo haijapigiwa kura ya maoni. Wewe ukiwa na Rasimu mkononi na mwenzako ana ya 1977, mtabishana usiku kucha na kila mmoja ana ibara ya kumwonyesha mwenzake.

Hata ukipata ya 1977, bado kuna kazi. Katiba hiyo imefanyiwa mabadiliko 14, na mawili ya mwisho yalikuja mwaka 2000 na 2005. Nakala ya kabla ya hapo inaweza kuwa safi kabisa, karatasi nyeupe, na bado ikakupotosha. Kipimo chake hakichukui hata dakika mbili. Fungua Ibara ya 41, ibara ndogo ya 6. Kama inasema mgombea urais atatangazwa mshindi akipata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote, umeshika maandishi ya baada ya mwaka 2000. Kama inadai zaidi ya nusu ya kura, ni ya zamani. Kisha nenda Ibara ya 66 uangalie kama wabunge wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais wametajwa. Nao waliingia kwa mabadiliko hayohayo.

Tumeanza na Katiba kwa sababu inaonyesha tatizo la vitabu vyote vya siasa. Jalada ndilo linalokuuzia, lakini kile hasa unachonunua kinaelezwa ndani, mara nyingi kwenye ukurasa mmoja ambao wasomaji wengi huuruka.

Anza na swali

Ukiingia dukani bila swali utatoka na kitabu kinene cha mtu maarufu, na kitakaa kabatini. Kabla ya kutoka nyumbani andika swali moja kwenye karatasi, kwa sentensi moja. "Nataka kujua siasa za Tanzania" ni pana mno. "Kwa nini miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ililegezwa?" hilo linatafutika.

Kwa kila swali tafuta vitu vitatu: waraka wenyewe, maelezo ya mtu aliyekuwemo, na kazi ya mtu aliyechunguza kwa mbali. Kwa swali la miiko, waraka ni Azimio la Arusha la Februari 1967, pamoja na maamuzi ya Halmashauri Kuu ya CCM ya mwaka 1991 yanayojulikana kama Azimio la Zanzibar. Waliokuwemo ni viongozi wa enzi hiyo: Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wakati miiko inalegezwa, ana tawasifu ya Kiswahili iliyotoka 2021, na Benjamin Mkapa ana ya Kiingereza ya 2019. Kwa upande wa uchunguzi kuna wasifu wa Julius Nyerere wa juzuu tatu ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, uliotoka 2020. Vyote vitatu vimetolewa na Mkuki na Nyota, kampuni ya hapahapa Dar es Salaam.

Usinunue vyote kwa siku moja. Waraka huwa mwembamba na wa bei ndogo, hivyo nunua huo kwanza na uumalize. Ukishausoma utajua ni kitabu kipi kati ya vile vinene unakihitaji chako mwenyewe, na kipi kinatosha kusomwa maktaba.

Kuhusu Azimio la Arusha lenyewe, wengi hulitaja bila kulifungua. Kijitabu kina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, uanachama, kisha azimio lenyewe lenye miiko ya viongozi. Miiko inayozungumzwa sana, kama kutokuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, iko sehemu ya tano, mwisho kabisa. Sehemu ndefu na yenye hoja nzito ni ya tatu, ile ya kujitegemea. Kipande kinachouzwa kikiwa na miiko pekee kimekatwa, na hakikufai.

Ukurasa wa hakimiliki

Huu ndio ukurasa unaookoa pesa. Kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, kwa herufi ndogo. Usome wote ukiwa bado umesimama dukani.

Kwanza tenganisha mchapishaji na mchapaji. Mchapishaji ndiye aliyechagua mswada, akauhariri na kuubebea jina lake. Mchapaji ni kiwanda kilichotia wino kwenye karatasi, na kinaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Ukiona jina la kiwanda tu bila mchapishaji, basi mwandishi amekitoa kitabu mwenyewe. Hilo si kosa, na baadhi ya kumbukumbu muhimu za wazee wa siasa zimetoka hivyo. Ila ujue kwamba huenda hakuna mhariri aliyemuuliza mwandishi, "Mzee, tarehe hii umeitoa wapi?" Kazi hiyo sasa ni yako.

Pili, tofautisha toleo na chapa. Chapa mpya ni maneno yaleyale yaliyochapwa tena. Toleo jipya ni maneno yaliyoguswa. Ukiona "toleo la pili lililosahihishwa", muulize muuzaji au soma dibaji mpya ujue kilichobadilika. Katika vitabu vya siasa sura inaweza kuongezwa baada ya uchaguzi, au jina la mtu likaondolewa. Kwenye vitabu vingi vya nje utaona safu ya tarakimu kuanzia 10 kushuka hadi 1: tarakimu ndogo kabisa iliyobaki ndiyo inayotaja chapa uliyoshika.

Tatu, mwaka. Mwaka ulioandikwa juu kabisa unaweza kuwa wa chapa ya juzi, wakati mawazo yaliyomo ni ya nusu karne iliyopita. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, huku upande wa Dar ukiwa wa Tanzania Publishing House. Leo kinapatikana katika chapa nyingi zenye miaka tofauti. Msomaji asiyejua mwaka wa kwanza atajiuliza kwa nini Rodney hasemi lolote juu ya masharti ya mikopo ya miaka ya 1980. Neno la kufungia kitabu hicho liliandikwa na mwanasiasa wa Zanzibar, Abdulrahman Babu. Hakikisha nakala yako inalo.

Nne, ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu. Vitabu vingi vya Tanzania hutambulika kwa tarakimu 9976 au 9987 baada ya 978. Vya kabla ya 2007 vina tarakimu kumi tu bila 978 mbele, na vya miaka ya 1960 aghalabu havina kabisa, kwa hiyo kukosekana kwake kwenye kitabu cha zamani si dalili ya ubandia. Unapoagiza kwa simu, tuma nambari hii badala ya jina, maana majina ya vitabu vya siasa yanafanana mno.

Unaweza pia kujua kama nambari uliyotumiwa imekosewa. Chukua 978-9987-449-99-6. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 9+8+9+7+4+9 ni 46. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 7+9+8+4+9+9 ni 46 pia, zidisha kwa 3 upate 138. Mbili hizo ni 184, ongeza tarakimu ya mwisho, 6, unapata 190. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, nambari iko sawa. Isipogawanyika, kuna tarakimu imeandikwa vibaya, na ni bora ujue kabla ya kulipa.

Wapi pa kwenda

Shuka Posta. Mtaa wa Samora, kwenye eneo la Sanamu ya Askari, ndio moyo wa biashara ya vitabu vya aina hii kwa muda mrefu. Duka la TPH, yaani Tanzania Publishing House, liko mtaa huohuo, na rafu zake za historia, siasa na uchumi wa Afrika ni mahali pazuri pa kuanzia. Tembea kwa miguu kutoka hapo na angalia wauzaji wa vitabu vilivyotumika waliopanga bidhaa zao kando ya barabara. Kariakoo nako usikuache: maduka ya vitabu vya dini huwa na rafu ya historia ya mji na harakati za uhuru ambayo huioni kwenye maduka ya Masaki.

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina duka lake la vitabu, na huko ndiko pa kutafutia kazi za wahadhiri. Uliza pia lini kuna kongamano la Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kwa sababu kwenye makongamano na uzinduzi wa vitabu meza ya mauzo huwekwa mlangoni na mwandishi mwenyewe yupo wa kuulizwa maswali. Mikocheni, eneo la Regent, kuna Soma Book Café, mahali pa kusomea na penye mijadala ya vitabu. Popote unapokwenda piga simu kwanza. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo si ya kuikalia kwa ajili ya kitabu kilichokwisha wiki iliyopita.

Nyaraka za serikali, yaani sheria, Gazeti la Serikali na Katiba rasmi, zitafute kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Nakala ya barabarani inaweza kuwa sahihi, ila ya huko ndiyo unayoweza kuinukuu bila wasiwasi.

Na kama kitabu hakipo sokoni, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa sheria ya nchi wachapishaji hupeleka nakala huko, kwa hiyo vitabu vilivyopotea madukani bado vinapatikana kusomwa. Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ina mkusanyiko wa East Africana, wenye vijitabu vya vyama na ripoti ambazo hutazikuta kwa muuzaji yeyote. Asiye mwanafunzi aandae kitambulisho na barua ya utambulisho inayosema anatafuta nini.

Ukaguzi wa dakika tano

Kitabu kipya chenye plastiki dukani hakihitaji sehemu kubwa ya haya. Cha mtumba kinahitaji yote.

Simamisha kitabu juu ya meza na utazame mgongo. Ukiwa umepinda upande mmoja, gundi imechoka. Fungua katikati taratibu na usikilize: mlio wa kukatika maana yake ni kwamba kurasa zitaanza kutoka ukifika nusu ya kitabu. Vitabu vilivyoshonwa kwa uzi huvumilia kuliko vya gundi tupu, na uzi utauona ukichungulia katikati ya furushi la kurasa.

Sasa hesabu kurasa kwa akili. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa, ikakunjwa na kuwa furushi la kurasa 16 au 32, kisha mafurushi hupangwa na kufungwa pamoja. Kosa la kiwandani hupoteza furushi zima. Ndiyo maana utakuta kitabu kinakwenda vizuri hadi ukurasa wa 96 kisha kinarukia 113: furushi la kurasa 97 hadi 112 halikuingia. Wakati mwingine furushi moja limeingia mara mbili, na mara nyingi hapo lililopaswa kufuata halipo. Huna haja ya kupekua kila ukurasa. Angalia namba kila baada ya kurasa 16, kitabu cha kurasa 320 ni mitazamo 20 tu. Kisha tazama kurasa za picha katikati, maana ndizo zinazochanwa kwanza.

Harufu nayo isome. Harufu ya uvundo na vidoadoa vya kijani au vyeusi ni ukungu ulio hai, na utahamia kwenye vitabu vyako vingine. Madoa ya rangi ya kahawia yaliyotawanyika kwenye karatasi ya zamani ni uzee tu, hayaambukizi. Vitundu vidogo vya duara vinavyopita kurasa nyingi ni kazi ya wadudu. Kung'uta kitabu juu ya karatasi nyeupe, ukiona unga mpya unadondoka, kiache.

Nakala za kudurufu ni tatizo la peke yake. Vitabu vinavyotafutwa sana huskaniwa na kuchapwa kwenye mashine ya fotokopi, kisha huwekewa jalada la rangi. Utazijua kwa maandishi yenye rangi ya kijivu badala ya nyeusi, mistari iliyoinama kidogo, kivuli cheusi karibu na mgongo, picha zilizogeuka madoa, na jalada lenye herufi zenye ukungu kwenye kingo. Tatizo la haki ya mwandishi lipo na ni zito: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na soko letu la vitabu ni dogo kiasi kwamba nakala mia za bandia zinaweza kuamua kama kitabu kitachapwa tena au la. Kwako wewe msomaji kuna hasara nyingine: tanbihi za herufi ndogo hazisomeki, na katika kitabu cha siasa tanbihi ndizo zinazokuambia kama mwandishi anajua au anakisia.

Kupatana bei

Dukani bei ni bei. Barabarani ni mazungumzo, na yaende kwa heshima. Salimia kwanza. Usioneshe kitabu unachokitaka. Chukua vitatu, kiweke cha kwako katikati, uliza bei ya kila kimoja. "Kaka, hiki mwisho shilingi ngapi?" linatosha, na kama ni mtu mzima sema mzee au mama. Kasoro uliyoiona itaje kwa upole huku ukimwonyesha: ukurasa uliochanika, jalada lililolegea. Kununua viwili kwa pamoja kunapunguza bei kuliko kubishania kimoja. Ukimzoea muuzaji mmoja mwachie orodha yako na namba ya simu; yeye huona maboksi ya vitabu vya marehemu na vya wanaohama kabla hayajafika barabarani, na huko ndiko vijitabu vya TANU vilikojificha.

Mtandaoni

Muuzaji wa Instagram au WhatsApp akikutumia picha ya jalada, hiyo picha inaweza kuwa imetoka popote. Omba tatu: ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wowote wa katikati, na mgongo, zote zikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Mwenye kitabu hatakosa dakika mbili za kupiga picha. Lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara ikiwezekana, na soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri. Ndani ya jiji kubaliana kulipa bodaboda akishafika na umekagua. Kutoka mkoani mzigo hupanda basi, na utaupokea ofisi ya basi husika kituoni Mbezi Luis. Hifadhi picha ya risiti ya mzigo.

Kwa kuagiza nje, anza kwa kujiuliza kama kitabu hakipo hapa. Mara nyingi kitabu kinachouzwa Ulaya kwa bei kubwa ni cha mchapishaji wa Dar, kinachosambazwa huko na African Books Collective ya Oxford. Muulize mchapishaji kwanza. Ukilazimika kuagiza, angalia uzito: kitabu cha kurasa 300 chenye jalada laini hukaribia nusu kilo, na gharama ya kusafirisha kimoja inaweza kuzidi bei yake. Kusanya maagizo ya watu wanne au watano. Vitabu vilivyochapwa havina ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila kampuni ya usafirishaji ina ada zake za kushughulikia mzigo. Ziulize kabla, kwa maandishi. Malipo hufanyika kwa kadi ya Visa au Mastercard, na kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia akaunti za simu hufanya kazi hiyo. Tia kiasi cha manunuzi hayo tu.

Kitabu cha kielektroniki kwa Kindle kinakuja papo hapo, lakini unachonunua ni ruhusa ya kukisoma. Huwezi kukiazimisha wala kukiuza. Pakua sampuli ya bure kwanza. Na ogopa wasifu unaotokea siku chache baada ya kiongozi kuapishwa au kufariki: kurasa chini ya mia, mwandishi asiyejulikana popote, hakuna mchapishaji, hakuna tanbihi, sampuli imejaa sifa zisizo na tarehe. Hizo ni habari za mtandao zilizounganishwa ili ziuzwe wakati watu wana hamu.

Vya bure na halali vipo tele. Tovuti ya Bunge ina Hansadi, yaani taarifa rasmi ya majadiliano, kikao kwa kikao. TanzLII ina sheria na hukumu. Internet Archive huazimisha vitabu vingi vya zamani kwa saa moja ukijisajili. Faili la EPUB huwa na MB chache tu, lakini PDF ya kurasa zilizoskaniwa inaweza kufika MB 100, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Kama unasomea kwenye simu, chagua EPUB kila inapowezekana, kwa kuwa herufi zake hukuzwa na mistari ikajipanga upya.

PDF za kwenye makundi ya WhatsApp zina hatari moja zaidi ya hakimiliki: kurasa huondolewa. Linganisha yaliyomo na namba za kurasa kabla ya kuamini kwamba mwandishi "hakusema kitu" juu ya jambo fulani.

Kusoma

Ukurasa mmoja una maneno kama 350. Kwa kusoma na kuandika vidokezo, hesabu dakika tatu kwa ukurasa. Kitabu cha kurasa 300 ni saa 15. Kurasa 20 kwa siku, saa moja tu, utakimaliza kwa siku 15. Atakayejaribu kukimeza mwishoni mwa juma moja atakumbuka visa na kusahau hoja.

Anzia pasipo kawaida. Soma shukrani, uone nani alifadhili, nani alisoma mswada, nani alitoa picha. Kisha faharasa ya majina nyuma. Chukua majina matano unayojua yalihusika na tukio, uyatafute. Jina lenye kurasa 40 na jina lisilokuwepo yote mawili yanakuambia kitu. Kitabu kisicho na faharasa, jitengenezee yako kwenye kurasa tupu za mwisho kwa penseli: jina, ukurasa. Utashukuru baada ya mwezi.

Halafu tengeneza karatasi ya tarehe kabla ya kuanza sura ya kwanza. Chukua mfano wa miezi minne ya mwanzo wa 1964. Upande wa kushoto andika: 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar, 20 Januari, maasi ya wanajeshi wa kambi ya Colito, 25 Januari, askari wa Uingereza wanaingia kuyazima, 26 Aprili, Muungano. Upande wa kulia andika mwandishi anasema nini kwa kila tarehe, na ukurasa. Kitabu kinachotoka Mapinduzi hadi Muungano bila kutaja maasi kimekuondolea wiki moja ambayo serikali ya Tanganyika ilitikisika hadi kuomba msaada wa mkoloni wa juzi. Pengine mwandishi alikuwa na nafasi ndogo. Pengine anataka Muungano uonekane umetokana na jambo moja tu. Nafasi tupu kwenye karatasi yako ndiyo itakayokutuma kwenye kitabu cha pili.

Takwimu zifuatilie hadi chanzo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikuta kwamba takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na kama asilimia 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Mwandishi mmoja atakuambia "asilimia 80 walikataa vyama vingi" kisha akomee hapo. Mwingine ataruka namba kabisa na kusema wananchi walidai mabadiliko. Wote wanategemea ripoti hiyohiyo, ambayo pia inaonyesha kuwa wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka kirekebishwe. Ukikutana na asilimia, tafuta tanbihi. Ikielekeza kwenye ripoti, nenda kwenye ripoti. Ikielekeza kwenye kitabu kingine, fuata hadi mwisho wa mnyororo. Isipokuwepo, weka alama ya kuuliza pembeni na usiirudie namba hiyo barazani.

Tawasifu zinahitaji jicho la aina yake. Mwandishi wake alikuwepo, na ana sababu ya kutaka aonekane vizuri. Aminia zaidi mambo yanayomgharimu kuyasema: kukiri kosa, kumsifu mpinzani, kueleza uamuzi ulioshindwa. Yale yanayompandisha yaandikie "thibitisha". Ni kazi rahisi kwa mambo yaliyopita bungeni, kwa sababu Hansadi ina tarehe na maneno yaliyosemwa. Mazungumzo ya faraghani yenye alama za kunukuu, yaliyotokea miaka 30 kabla, yasome kama kumbukumbu ya mzee, na kumbukumbu hiyo ina thamani yake ilimradi usiigeuze kanda ya sauti.

Mkisoma kwa kikundi, watu watano hadi wanane wanatosha. Gawaneni sura, kila mmoja alete sentensi moja ya hoja ya mwandishi na ukurasa mmoja anaoupinga. Atakayesema "mwandishi anasema" ataje ukurasa, hata kama ni mkubwa wa wote pale.

Kukitunza na kukiazimisha

Joto na unyevunyevu wa pwani ndio adui. Rafu isigusane na ukuta, acha upana wa vidole vinne hewa ipite, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa. Vitabu vikisukumwa kwa nguvu hadi vibanane, ukungu huanzia katikati. Kila mwezi wakati wa masika vitoe, vipepee kivulini, usiviweke juani. Kilichokuja na wadudu kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyobana, kiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha kiache ndani ya mfuko siku nzima hadi kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kukifungua, la sivyo kitalowa.

Vitabu vya siasa huazimwa kuliko vyote na hurudi kwa nadra. Andika kwa penseli kwenye ukurasa wa hakimiliki jina lako, tarehe na bei uliyonunulia, kisha piga picha ya azimaye akiwa amekishika. Weka siku ya kurudisha kwenye kalenda ya simu, siku 21 zinatosha kwa kitabu cha kurasa 300. Kikirudi, kabla hujakipanga kwenye rafu, kifungue mbele yake na upitishe macho namba za kurasa kila baada ya 16.